Anayesubiri Simu Hayuko Likizo

Walioajiriwa hunionea wivu kwa jambo moja: eti mimi naweza kupumzika siku yoyote nitakayo. Hakuna bosi wa kuomba ruhusa, hakuna fomu ya kujaza, hakuna kusubiri mtu wa utumishi aweke saini. Ni kweli naweza. Ila anayeweza kupumzika siku yoyote huishia kutopumzika kabisa, maana kila siku ina kisingizio chake. Leo kuna ankara haijalipwa. Kesho kuna mteja mpya aliyesema atapiga. Wiki ijayo inaingia kazi kubwa, basi tuimalize kwanza. Ikishaisha, ukame unaanza, na nani atathubutu kupumzika wakati wa ukame?

Mimi ni msanifu wa kurasa. Napanga vitabu, ripoti za mwaka, majarida ya mashirika. Sehemu ya wiki nina kazi ya muda katika ofisi moja, na siku zinazobaki nahangaika na wateja wangu mwenyewe. Maisha yote mawili nayajua, na yote mawili yana ugonjwa mmoja: siku za kutofanya kazi ni nyingi, za kupumzika ni chache mno.

Ukinikuta katika siku isiyo na kazi utadhani nimetulia. Nimekaa, sina haraka. Lakini angalia simu ilipo. Imelazwa chali, karibu na mkono wa kulia, ili nione ikiwaka. Barua pepe naifungua, naifunga, naifungua tena kana kwamba kuna ujumbe uliojificha chini. Napanga upya sampuli za kazi zangu ambazo hakuna aliyelalamika kuwa zimepangwa vibaya. Nashika kitabu, nasoma aya moja mara mbili. Jioni ikifika nimechoka, na sijaingiza hata senti. Ile ilikuwa zamu, tena zamu isiyolipwa, ya kulinda simu.

Ndiyo maana siku hizi nazitenganisha siku hizo na likizo, hata kama kwa macho zinafanana. Likizo ina tarehe iliyowekwa kabla haijafika. Kuna watu wanaojua kwamba sipo. Na gharama yake imeshalipwa, kwa hiyo saa zikipita sizihesabu kama hasara. Siku tupu haina hata kimoja kati ya hivyo. Wazee walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Likizo ya jirani yako aliyeajiriwa inaelea vizuri kwa sababu kuna watu walikaa miaka mingi wakiiunda.

Tuwakumbuke kidogo. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1919, ulihusu saa za kazi viwandani: 8 kwa siku, 48 kwa wiki. Mwaka 1921 ukaja mwingine, ukidai wafanyakazi wa viwandani wapate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko katika kila siku 7. Likizo ya mwaka yenye malipo ilisubiri hadi 1936, katika Mkataba Na. 52, na kima chake cha chini kilikuwa siku 6 za kazi kwa mtu aliyetumikia mwaka mzima. Mwaka huohuo Ufaransa, baada ya migomo mikubwa, ilipitisha sheria ya wiki 2. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 likaiweka likizo yenye malipo kwenye ibara ya 24, na mwaka 1970 ILO ikapandisha kima hadi wiki 3.

Historia nzuri, ila isome tena ukimtafuta mtu kama mimi. Simo. Kila kifungu kinamdhani mwajiri: mtu mwingine mwenye jukumu la kulipa mshahara wakati kiti chako ki wazi. Aliyejiajiri ni mwajiri na mwajiriwa ndani ya ngozi moja, na mwajiri huyo ni bahili kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Angekuwa bosi wa kweli, ningekwishampeleka mahakamani.

Tuanze na ubahili huo basi, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu mapumziko ya watu wa kujitegemea huruka pesa na kukimbilia kuvuta pumzi na kuzima simu. Mtu hawezi kuvuta pumzi kwa amani kama kila siku ya mapumziko inamtoboa mfuko.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tuseme unahitaji 4,800 kwa mwaka, kwa sarafu yoyote ile. Wengi wetu huigawa kwa wiki 52, tunapata kama 92 kwa wiki, na hapo ndipo bei zetu zinapozaliwa. Bei hiyo inadhani utafanya kazi wiki zote 52. Ukitaka wiki 4 za likizo, gawanya kwa 48, upate 100. Tofauti ni asilimia 8.33, na hiyo ndiyo bei ya likizo yako. Mteja anapaswa kuilipa bila hata kujua, kama vile anavyolipia umeme wako na laptopu yako bila kuviona kwenye ankara. (Kwa kweli 48 nayo ni ndoto. Kuna wiki za kutafuta kazi, za kuandika makisio yasiyojibiwa, za kuumwa. Ukigawa kwa 40 unafika 120, na hapo unaanza kuelewa kwa nini bei ya mtu wa kujitegemea haiwezi kulingana na mshahara wa mwajiriwa uliokatwa vipande vya siku.)

Waingereza wana namba yao maarufu kwa jambo hilihili: asilimia 12.07. Sheria yao inampa mfanyakazi wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Toa 5.6 kwenye 52, zinabaki 46.4 za kufanya kazi, gawanya 5.6 kwa 46.4, unapata 12.07. Ndivyo wanavyopigiwa hesabu watu wa saa zisizotabirika. Naipenda namba hiyo kwa ukavu wake: kila ukifanya kazi saa 8, karibu saa nzima ya mapumziko imeshazaliwa, iwe wewe unajua au hujui.

Lakini pesa ya likizo si likizo, na hapo ndipo wengi tunaishia. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliwahi kulitazama jambo hili mwaka 2006. Waajiri fulani walikuwa wanalipa likizo kidogokidogo ndani ya malipo ya kila wiki, badala ya kumlipa mtu anapokuwa likizoni. Mahakama ilikataa mtindo huo, kwa hoja kwamba siku za kupumzika zingeweza kugeuzwa kuwa posho tu. Ukinilipa leo kwa likizo itakayofika baada ya miezi 6, pesa hiyo nitaila leo, na ikifika siku yenyewe nitaona afadhali niende kazini. Mtu wa kujitegemea anajifanyia hivyohivyo kila mwezi. Bei imepanda, asilimia 8 imeingia, ikachanganyika na kodi ya nyumba na ada, ikayeyuka. Dawa ninayoiamini mimi ni ya kizamani: akaunti ya pembeni, na fungu hilo lihamishwe siku ileile malipo yanapoingia, kabla mkono haujazoea uzito wake. Sizungumzii akiba ya dharura. Hiyo ni nyingine, na ukizichanganya, dharura itaila likizo kila mwaka, maana dharura huwa na sauti kubwa zaidi.

Swali la pili ni lini. Hapa kuna utafiti mmoja wa mwaka 1997 kuhusu madereva wa teksi wa New York ambao naurudia kila mara. Walioufanya walikuwa wachumi, akiwemo Colin Camerer. Waliona kwamba madereva wengi walikuwa kama watu waliojiwekea kiwango cha pesa cha siku. Siku yenye abiria wengi walifikia kiwango mapema wakaenda nyumbani. Siku kavu walizunguka saa nyingi zaidi wakikitafuta. Yaani walifanya kazi kidogo wakati saa moja inalipa sana, na nyingi wakati hailipi. Wachumi wengine, hasa Henry Farber, waliupinga kwa takwimu zao na mabishano yakaendelea miaka mingi, sitajifanya mwamuzi. Ila nikijitazama mimi na wenzangu, tabia hiyo naitambua. Wiki ikiwa kavu ndipo tunapokaa mezani muda mrefu zaidi, tukizunguka bila abiria.

Kwa hiyo ningesema likizo iwekwe kwenye ukame. Kila kazi ina majira yake. Yangu yamefungwa na ripoti za mwaka: kuna miezi kila shirika linataka ripoti yake jana, na kuna majuma ambayo hata walinzi wa ofisi zao hawapokei simu. Hayo ya pili ndiyo ya kupumzika. Sharti ni moja, na si dogo: uamuzi ufanyike kabla ya ukame kufika. Ukingoja ukame uje ndipo ujiambie “basi nipumzike tu”, hiyo inarudi kuwa siku tupu, na simu inarudi kulala chali. Ukiwa umeshaiandika miezi mitatu nyuma na wateja wameambiwa, juma lilelile lenye ukimya uleule linakuwa kitu kingine.

Wateja. Hili ndilo linalotutisha kuliko yote, na linastahili kusemwa polepole.

Kuna meseji moja ambayo kila msanifu anaijua. Huja ukiwa umeshafunga kazi, mara nyingi ukiwa ofu, na huanza hivi: “Samahani kwa usumbufu, ni kitu kidogo tu.” Kitu kidogo ni nembo mpya ya mfadhili. Ibadilishwe ukurasa wa pili, dakika 5. Unafungua faili. Nembo mpya ni ndefu kuliko ya zamani, inasukuma maandishi mistari miwili chini. Mistari miwili inalitoa jedwali kwenye ukurasa wa 3, linavunjika katikati na kichwa chake kinabaki nyuma. Ukilivuta jedwali zima liende ukurasa wa 4, picha ya ukurasa wa 4 inakosa nafasi. Sasa namba za yaliyomo si sahihi tena. Halafu faili la kuchapa litolewe upya, likaguliwe rangi, litumwe, na mteja aulize kama unaweza “kuangalia pia” ile tahajia ya jina la mwenyekiti. Saa mbili zimekwenda. Kibaya zaidi, kichwa chako kimerudi ofisini na hakitatoka leo.

Si kwamba mteja ni mbaya. Hajui ulipo. Kwake wewe ni namba kwenye simu ambayo siku zote hujibu. Bandu bandu huisha gogo: hakuna anayeiba likizo yako yote kwa mpigo, wanaimega kwa dakika tano tano, na wewe ndiye unayewakabidhi panga kila unapojibu “sawa, nitakutumia”.

Kinachofanya kazi, kwa ninavyoona, ni kutangaza mapema na kuuliza swali badala ya kutoa taarifa tu. Mwezi mmoja kabla naandika: “Kuanzia tarehe fulani hadi fulani sitakuwepo. Kuna nini utakihitaji ndani ya kipindi hicho ambacho tunaweza kukimaliza kabla?” Swali hilo linamfanya mteja afungue kalenda yake mwenyewe. Mara nyingi anakumbuka jambo, linamalizwa, na kazi inaongezeka kidogo kabla ya kuondoka badala ya kunifuata. Wiki mbili kabla namkumbusha. Tarehe ya kurudi ninayompa ni siku moja baada ya ile ninayorudi kweli, na sioni haya kulisema hilo hadharani. Siku hiyo moja ni ya kusoma yaliyorundikana bila mtu kujua kwamba nimeshaketi.

Wapo wanaokasirika? Wachache, na hasira yao hunisaidia kuwajua. Mteja mzuri huvumilia kukukosa kwa juma moja. Kinachomuudhi ni kukutafuta na kukuta kimya. Barua pepe inayojijibu yenyewe, yenye tarehe ya kurudi na jina la mtu wa kumtafuta kwa dharura, huondoa sehemu kubwa ya kero hiyo. Kampuni ya magari ya Daimler ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2014 ilijulikana kwamba wafanyakazi wake wa Ujerumani wangeweza kuchagua mfumo unaofuta barua pepe zinazoingia wakiwa likizo. Mtumaji aliarifiwa kwamba ujumbe umefutwa na kupewa mtu mwingine wa kumwandikia. Sisi wadogo hatuthubutu kufuta, lakini wazo lake nalipenda. Kurudi kukuta mlima wa barua ni njia ya kuilipia likizo mara mbili.

Huyo mtu wa dharura lazima awe wa kweli. Tafuta mwenzako wa fani hiyohiyo, mkubaliane kulindana: yeye akiondoka unashika wateja wake, ukiondoka anashika wako, na malipo ya kazi hiyo ni ya aliyeifanya. Najua hofu iliyopo, kwamba atanogewa abaki na mteja. Inatokea. Hata hivyo, mteja anayeondoka kwa sababu mwenzako alimbadilishia nembo vizuri alikuwa ameshaanza kuondoka, na mwenzako anayekunyang'anya mteja amepoteza kinga yake mwenyewe kwa likizo zote zijazo. Andikeni makubaliano, hata kwa meseji mbili.

Upande wa kazi ya muda matatizo hubadilika sura. Huko mwajiri yupo, na haki mara nyingi ipo: Mkataba Na. 175 wa ILO wa mwaka 1994 unataka wafanyakazi wa muda wapewe masharti yanayolingana na ya wenzao wa muda wote katika likizo ya mwaka na sikukuu zenye malipo. Ugomvi hutokea kwenye hesabu. Anayefanya kazi siku 3 kwa wiki akipewa siku 12 huona amepunjwa akimtazama mwenzake mwenye 20. Hajapunjwa: wote wamepata wiki 4. Anayepunjwa kweli ni yule ambaye siku zake ni Jumatano hadi Ijumaa katika ofisi ambayo sikukuu zake nyingi huhamishiwa Jumatatu. Wenzake wanapumzika kwa malipo, naye Jumatatu haikuwa yake tangu mwanzo. Hilo linafaa kuulizwa kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya hapo litaonekana ni uchoyo.

Kisha kuna ile “si leo uko huru?” Kikao huwekwa siku yako ya ofu kwa sababu ndiyo siku isiyo na kitu. Na ukiwa na kazi mbili za muda, unaweza kumaliza likizo zote mbili bila kupumzika hata wiki moja, maana moja ilianguka Machi na nyingine Agosti, na kila mara ulikuwa kazini kwa yule mwingine. Zigonganishe. Omba zote mbili kwa tarehe moja, hata kama itakubidi uanze kuomba mwaka uliotangulia.

Kuhusu kichwa chenyewe nitasema machache, kwa kuwa wataalamu wamesema mengi. Watafiti wa Uholanzi waliofuatilia watu katika likizo ndefu, na kuchapisha matokeo mwaka 2013, waliona nafuu ikifika kileleni karibu siku ya 8, kisha ikirudi ilikokuwa ndani ya wiki ya kwanza kazini. Kutokana na hilo mimi nimechagua likizo moja inayovuka juma na nyingine fupi kadhaa, badala ya kurundika zote mwisho wa mwaka. Na kuna jaribio la 2011 la Masicampo na Baumeister lililoonyesha kwamba jambo lisilomalizika huacha kusumbua akili mtu akishalipangia hatua mahususi, hata kabla ya kulifanya. Kwa hiyo kazi ya mwisho kabla ya kufunga laptopu ni kuandika kwenye kila faili nimeishia wapi na nitaanzia wapi: “Sura ya 6, picha ya pili bado haijaidhinishwa, muulize mhariri.” Baada ya hapo programu ya barua pepe naitoa kwenye simu kabisa. Kuifanya iwe kimya hakutoshi. Kidole kinajua njia.

Yote haya yanamfaa mtu anayepanga bei yake mwenyewe na kumjua mteja wake kwa jina. Kuna kundi linalokua la watu wasio na kimojawapo: wanaopata kazi kupitia programu za simu, bei inapangwa huko, na kazi ijayo anapewa yule anayejibu haraka. Kuwaambia “mtangazie mteja mwezi mmoja kabla” ni kama kuwacheka. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi wenye haki ya likizo yenye malipo. Mwezi uliofuata kampuni ikatangaza kuwalipa madereva wa huko fedha za likizo kwa ile asilimia 12.07 ya mapato, kila wiki mbili. Ni ushindi, na ni pesa halali. Lakini ni ileile pesa inayoingia pamoja na nyingine, na siku ya kuzima programu bado dereva aitafute mwenyewe. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo linalotaka nchi wanachama ziweke dhana ya kisheria kwamba mtu anayeongozwa na kudhibitiwa na jukwaa la namna hiyo ni mwajiriwa, hadi jukwaa lithibitishe vinginevyo. Nchi zimepewa hadi Desemba 2026 kuliingiza kwenye sheria zao. Sheria hizo zikitoka, nitakwenda moja kwa moja kwenye jambo moja: mtu akizima programu siku 10 mfululizo, atairudia nafasi yake kwenye foleni au atakuta ameshushwa?